Dume Aliyeketi, Jike Aliyechimba

Foleni ya malori ilikuwa imesimama kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na basi letu la kwenda Iringa lilikuwa nyuma yake, injini ikiunguruma bila safari kusonga. Upande wa kushoto, kundi la nyani wa manjano lilikuwa limetawanyika kwenye nyasi fupi. Dume mmoja, mkubwa kuliko wote, alikuwa ameketi kando ya lami akitafuna kitu kwa utulivu. Hatua chache kutoka kwake majike watatu, mmoja wao akiwa na mtoto aliyening'inia kifuani, walikuwa wakichimbua ardhi kwa vidole, wakivuta, wakipangusa udongo, wakila, wakisogea kidogo na kuanza tena.

Mama wa makamo aliyekaa dirishani alicheka.

"Unaona, mwanangu? Baba ameshiba, mama bado anahangaika. Kumbe hata porini ni vilevile."

"Labda baba alikula mapema, mama," nilimjibu.

"Au alikula cha wenzake," akasema, na foleni ikaanza kusogea.

Maneno yale yalinisumbua kwa wiki kadhaa. Utani wake nilishausahau; kilichobaki kichwani ni kwamba ndani yake mlikuwa na madai mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni kwamba dume hula kwa namna yake kwa sababu ni dume. La pili ni kwamba hula hivyo kwa sababu ni mkubwa. Kwa nyani wa manjano mambo hayo mawili huja pamoja, kwa kuwa dume aliyekomaa huwa na uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa jike, na kwa hiyo anayetazama kupitia dirisha la basi hana njia ya kujua kama anachokiona ni kazi ya jinsia au ni kazi ya kilo.

Je, kuna mahali ambapo maumbile yenyewe yameifungua kamba hiyo?

Hesabu ya kilo

Nilianza na uzito, kwa kuwa uzito unapimika. Mwaka 1932 Max Kleiber, mtaalamu wa lishe ya mifugo, alionyesha kwamba nishati ambayo mwili wa mnyama hutumia akiwa ametulia haipandi sambamba na uzito wake, bali hupanda polepole zaidi, kwa kipeo kinachokaribia robo tatu. Kwa lugha ya kawaida, mnyama mwenye uzito mara mbili ya mwenzake hahitaji chakula mara mbili. Anahitaji takriban mara 1.7. Sufuria kubwa la uji hupoa taratibu kuliko bakuli, na mwili mkubwa nao, kwa kila kilo yake, hutumia kidogo kuliko mwili mdogo.

Jambo hilo lina matokeo mapana katika jamii nzima ya nyani na jamaa zake. Komba wadogo, ambao baadhi yao hawafiki hata gramu 100, hawawezi kuishi kwa majani, kwa sababu miili yao inataka nishati ya haraka ambayo majani hayatoi. Wao hutegemea wadudu, utomvu na matunda. Gorila anaweza kushinda akila mashina na majani kwa sababu tumbo lake kubwa hukishikilia chakula kwa muda mrefu wa kutosha kukichachua, na kila kilo ya mwili wake haina haraka. Mtafiti Richard Kay aliweka mpaka wa takriban gramu 500: chini yake wanyama wa jamii hii hupata protini yao zaidi kwa wadudu, na juu yake majani huanza kuchukua nafasi hiyo.

Kanuni hiyo ikitumika ndani ya spishi moja, tungetarajia dume mkubwa avumilie chakula hafifu kuliko jike, na jike ale zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, ndivyo ilivyoonekana kwa kiasi fulani kwa gorila wa milimani. Madume wenye mgongo wa fedha walikula chakula kingi zaidi kwa jumla, lakini kilipogawanywa kwa uzito wa mwili, majike na watoto walikuwa wakila zaidi yao.

Hapo nilidhani jibu limepatikana, na kwamba yule mama wa kwenye basi alikuwa ameona hesabu ya Kleiber bila kujua.

Kisha nikakumbuka mtoto aliyening'inia kifuani.

Anayekula kwa niaba ya wawili

Huko Amboseli, Kenya, watafiti Jeanne na Stuart Altmann walifika kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na tangu mwaka 1971 nyani wa eneo hilo wamefuatiliwa mmoja mmoja, kwa majina, kizazi baada ya kizazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu akina mama wa nyani na watoto wao, Jeanne Altmann alionyesha kwa hesabu kwamba muda wa kula anaouhitaji mama anayenyonyesha hupanda kadiri mtoto anavyokua, mpaka inafika hatua ambapo saa za mchana hazitoshi tena kumlisha mtoto huyo kwa maziwa peke yake. Mtoto hulazimika kuanza kujitafutia, na mama hulazimika kuacha kumbeba kila mahali, kwa sababu jua haliongezi saa.

Maelezo hayo yaliniyumbisha. Nyani jike asiye na mtoto na nyani jike anayenyonyesha wana uzito ule ule na jinsia ile ile, lakini siku zao hazifanani. Mmoja anaweza kupumzika mchana, kuchanwa manyoya na rafiki, kuchagua mbegu moja na kuiacha nyingine. Mwenzake hana nafasi ya anasa hiyo, na tena hubeba mzigo unaozidi kuwa mzito kila wiki. Tukisema "jike hula muda mrefu kuliko dume," tumewachanganya wanyama wawili tofauti katika neno moja, na wastani tunaoupata haumwelezi hata mmoja wao.

Kwa hiyo vitu vya kutenganisha si viwili tena. Ni vitatu: ukubwa wa mwili, jinsia, na hali ya uzazi aliyo nayo mnyama siku hiyo.

Macho hufuata kilicho kikubwa

Kulikuwa na shaka nyingine, ya aibu kidogo kwa wanaopenda kutazama wanyama. Mwaka 1974 Jeanne Altmann huyo huyo alichapisha makala kuhusu namna ya kukusanya takwimu za tabia, ambayo pengine imebadilisha utafiti wa wanyama porini kuliko darubini yoyote. Hoja yake ilikuwa rahisi na kali. Mtazamaji akiandika chochote kinachomvutia, ataandika zaidi habari za wanyama wakubwa, wenye kelele, walio mahali pa wazi, na wanaofanya mambo ya kushangaza. Dawa yake ni kumchagua mnyama mmoja kwa utaratibu uliopangwa kabla, kumfuata kwa muda maalumu, na kuandika kila anachofanya, hata kama ni kuchimba tu, kuchimba tena, na kuchimba tena.

Fikiria historia ya Gombe. Jane Goodall alifika kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika Julai 1960, na miezi michache baadaye akaona sokwe akiingiza shina la nyasi ndani ya kichuguu na kulichomoa likiwa limejaa mchwa. Sokwe huyo alikuwa dume, aliyempa jina la David Greybeard, mmoja wa wa kwanza kuacha kumwogopa. Dunia ikajua kwamba sokwe hutumia zana, na picha iliyobaki vichwani mwa watu wengi ni ya dume.

Miaka ikapita, saa za kufuatilia zikaongezeka, na hesabu ikaja na sura nyingine. Mtafiti William McGrew alionyesha mwaka 1979 kwamba wanaovua mchwa zaidi ni majike.

Shule ya kichuguu

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu Gombe inatoa kitu ambacho barabara ya Mikumi haiwezi kutoa.

Sokwe dume na jike hawatofautiani sana kwa uzito. Huko Gombe dume aliyekomaa hukaribia kilo 40, na jike huzidi kilo 30 kidogo. Tofauti ipo, lakini si ile ya nyani, na ni vigumu kuamini kwamba kilo hizo chache ndizo zinazoamua nani ainame kwenye kichuguu kwa saa nzima na nani aondoke baada ya dakika chache. Hata hivyo mtu mkaidi angeweza kusema kwamba kidogo nacho ni kitu. Ndiyo maana utafiti wa Elizabeth Lonsdorf, Lynn Eberly na Anne Pusey, uliochapishwa mwaka 2004, ulinifanya nisimame. Wao hawakuwatazama watu wazima. Waliwatazama watoto.

Katika umri huo dume na jike huwa na miili inayokaribiana, hakuna anayenyonyesha, hakuna mwenye mimba, na wote hukaa na mama kwenye kichuguu kile kile. Kama ukubwa na uzazi ndivyo vinavyoamua kila kitu, watoto wangejifunza kwa mwendo mmoja. Haikuwa hivyo. Watoto wa kike waliweza kuvua mchwa wakiwa na wastani wa miezi 31. Wa kiume walifikia hatua hiyo wakiwa na wastani wa miezi 58. Watoto wa kike walitumia muda mwingi zaidi kumtazama mama akifanya kazi, na namna yao ya kuingiza kijiti, yaani urefu wa sehemu waliyoizamisha ndani ya shimo, ilifanana na ya mama zao. Ya watoto wa kiume haikufanana. Wao walitumia muda mwingi zaidi kucheza hapo hapo kichuguuni.

Zaidi ya miaka miwili ya tofauti, kabla hata miili haijatofautiana.

Kuna maelezo yanayoweza kutolewa. Mchwa ni mafuta na protini, na jike atakayekuja kubeba mimba na kunyonyesha kwa miaka mingi atavihitaji kwa namna ambayo haimlazimu kupigana na mtu. Kichuguu hakikimbii. Mtoto anaweza kucheza pembeni wakati mama anavua. Dume mchanga, kwa upande wake, anajiandaa kwa maisha ya kutembea mbali, kushirikiana na madume wengine na kushindana nao, na huenda mchezo wa mieleka una faida kwake kuliko kijiti. Nayakubali maelezo hayo kwa tahadhari. Yanaeleza faida ya baadaye, lakini hayaelezi ni nini hasa kinachomfanya mtoto wa miaka miwili na nusu aketi na kutazama.

Wapasuaji wa njugu

Kama ningekuwa na mfano wa Gombe peke yake, ningesema ukubwa hauna uzito wowote katika jambo hili. Ila kuna njugu.

Katika eneo la Fazenda Boa Vista, jimbo la Piauí nchini Brazili, wanaishi kima wadogo waitwao kapuchini wenye ndevu. Hupasua njugu ngumu za michikichi kwa kuziweka juu ya jiwe pana au gogo na kuzigonga kwa jiwe jingine, ambalo mara nyingi huwa na uzito wa takriban kilo moja. Dume aliyekomaa ana uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na jike ana kilo mbili na ushei. Jike anayeinua jiwe kama hilo anainua karibu nusu ya mwili wake, akiwa amesimama kwa miguu miwili. Haishangazi kwamba madume ndio wanaopasua mara nyingi zaidi, na hasa njugu zile zilizo ngumu kupita zote. Uzito wa mwili wenyewe hueleza sehemu kubwa ya ufanisi wa kila mpasuaji, kwani mwenye kilo nyingi humaliza njugu yake kwa mapigo machache. Hapa ukubwa ni ufunguo halisi wa mlango: usipokuwa nao, chakula kipo mbele yako na hukipati.

Sasa tuhamie msitu wa Taï, Kodivaa. Watafiti Christophe Boesch na Hedwige Boesch walianza kuwafuatilia sokwe wa huko mwaka 1979. Nao hupasua njugu kwa magogo na mawe, na miongoni mwa njugu hizo zimo za mti uitwao panda, ambazo ni ngumu kiasi kwamba huhitaji nyundo za mawe zenye kilo kadhaa na mkono unaojua pa kupiga ili kokwa isisagike. Wanaozipasua zaidi ni majike. Ndio pia wanaopanda juu ya mti wa njugu za koula wakiwa na nyundo na kupasua njugu huko huko matawini, kazi inayotaka kushika mti, njugu na nyundo kwa wakati mmoja.

Njugu ngumu, zana nzito, mnyama wa jamii ile ile pana. Brazili anayeongoza ni dume, Taï ni jike.

Hapo ndipo fikra yangu iligeuka. Maelezo ambayo Christophe Boesch aliyatoa hayakuhusu misuli. Aliona kwamba madume wa Taï hukatisha kazi yao mara kwa mara ili kujua wenzao wako wapi na wanafanya nini, na kwamba kupanda mtini peke yako na kuzama katika kupasua kunamaanisha kulipoteza kundi machoni. Jike ana sababu chache zaidi za kuinua kichwa. Ana mtoto wa kulisha kando yake, na kwa miaka kadhaa humgawia kokwa alizozipasua. Nguvu anazo dume. Kinachomkosesha njugu ni umakini wake, ambao umeshikwa na siasa za kundi.

Kwa hiyo ukubwa huamua kitu pale tu ambapo kazi yenyewe iko karibu na kikomo cha mwili. Kapuchini wa kilo mbili yuko kwenye kikomo hicho. Sokwe wa kilo 30 hayuko hata karibu nacho, na kwake mambo mengine hupata nafasi ya kusema.

Madume wa aina mbili

Orangutani wa Borneo na Sumatra ni zawadi kwa mwenye swali kama langu, kwa sababu kwao jinsia moja ina ukubwa wa aina mbili. Kuna madume waliokomaa kabisa, wenye mashavu mapana na mfuko mkubwa wa koo, ambao uzito wao huweza kufika mara mbili ya ule wa jike. Na kuna madume wengine, walio tayari kuzaa, ambao miili yao imebaki na umbo dogo bila mashavu hayo, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Yule mkubwa hawezi kufuata kila tawi. Huko Borneo ndiye anayeonekana mara nyingi zaidi akitembea ardhini kutoka mti hadi mti, ingawa kamera zilizotegwa msituni zimeonyesha kwamba hata majike na wadogo hushuka. Hutembea umbali mfupi kwa siku, na akifika kwenye mti wenye matunda hukaa. Yule mdogo husafiri zaidi. Wote wawili ni madume, na kinachotenganisha ratiba zao kwa sehemu kubwa ni mwili.

Huo ndio ushindi mkubwa zaidi ambao upande wa kilo umeupata katika safari yangu hii ya kusoma, na nimeuandika bila kuupunguza.

Nyama

Swali la nyama huwa linaleta kelele, kwa hiyo nitalipitia kwa ufupi. Gombe, wawindaji wakuu wa mbega wekundu ni madume, na mbega dume hujitetea kwa kuuma, tena juu ya miti. Majike nao hukamata nyama, lakini mara nyingi ni ya wanyama waliotulia mahali pamoja, kama mtoto wa pongo aliyefichwa nyasini. Ukitazama Gombe peke yake utasema uwindaji ni kazi ya nguvu na ujasiri.

Fongoli, nchini Senegali, ambako mtafiti Jill Pruetz amefanya kazi tangu mwaka 2001, sokwe huvunja tawi, huondoa majani, wakati mwingine hunoa ncha kwa meno, kisha hulichoma ndani ya tundu la mti ambamo komba amelala mchana. Tabia hiyo ilitangazwa mwaka 2007, na kufikia ripoti ya mwaka 2015 ilikuwa imeonekana zaidi ya mara 300. Zaidi ya nusu ya matukio hayo yalifanywa na majike. Zana iliondoa hitaji la kukimbizana na kupigana, na mara moja takwimu za jinsia zikabadilika. Ninavyoona mimi, hilo linasema mengi kuhusu gharama ya kujeruhiwa kwa mnyama anayebeba mtoto, na machache sana kuhusu nani anapenda nyama.

Mahali ambapo kilo zimelingana

Madagaska wako lemuri wenye mkia wa pete. Dume na jike wana uzito unaokaribia kulingana, kilo mbili na kidogo. Mtafiti Alison Jolly, aliyewafuatilia katika hifadhi ya Berenty kisiwani humo miaka ya 1960, aliandika kwamba jike ndiye mwenye kauli: akitaka tunda lililo mkononi mwa dume, hulichukua, na dume huachia. Watafiti wamebishana tangu wakati huo kuhusu chanzo chake, wengi wakielekeza kidole kwenye mzigo wa uzazi katika kisiwa chenye msimu mkali wa njaa. Kilicho wazi ni kwamba kipaumbele kwenye chakula kinaweza kuwapo bila tofauti yoyote ya ukubwa ya kukieleza, na kinaweza kuelekea upande ambao yule mama wa kwenye basi hakuutarajia.

Dume asiyekula

Nimewaacha madume wa Amboseli mwisho kwa makusudi, kwa sababu mpaka hapa dume amebaki kuwa kitu kimoja kisichobadilika, wakati jike tumempa hali tofauti tofauti. Huo si uadilifu.

Mwaka 1996 Susan Alberts, Jeanne Altmann na Michael Wilson walionyesha kwamba dume wa Amboseli anapomlinda jike aliye tayari kupandwa, ulaji wake huvurugika. Vipindi vyake vya kula huwa vifupi, kwa sababu inambidi amfuate jike popote aendapo, asimame anaposimama, na awaangalie wapinzani wakati mdomo wake ungekuwa kazini. Uzito wake haujabadilika tangu wiki iliyopita, wala jinsia yake. Kilichobadilika ni kazi aliyo nayo. Jike analiendesha tumbo lake kwa ratiba ya maziwa. Dume, kwa siku hizo, huliendesha lake kwa ratiba ya jike. Anaweza kuachia ulinzi huo kabla jike hajapita kilele cha siku zake za rutuba, na mwingine akaushika, huku yeye akirudi kuchimba mashina ya nyasi yaliyo chini ya udongo mgumu wa kiangazi, kwa vidole, kama majike wanavyofanya.